Dodoso linasema wagonjwa wameridhika na masaa, mbona saa 12 jioni wote wako duka la dawa?

Swali la leo limetoka kwa tabibu wa zahanati moja binafsi maeneo ya Pasua, Moshi. Alivyoandika ni hivi, nimefupisha kidogo:

"Shikamoo dokta. Sisi tunafungua saa 2 asubuhi tunafunga saa 12 jioni, Jumapili hatupo. Mama mwenye zahanati alitaka kujua kama wagonjwa wanaridhika na masaa yetu, tukagawa dodoso kwa watu 60, 52 wakatiki 'nimeridhika'. Mama akasema basi yameisha, hamna haja ya kuongeza shifti. Lakini mimi nikitoka jioni naona duka la dawa la jirani limejaa, na wengine ni wagonjwa wangu kabisa, wakiniona wanageuza uso. Nasikia Uingereza madaktari wa familia wanapimwa na wagonjwa wao kila mwaka mpaka kwenye masaa ya kufungua. Wao wanafanyaje, na hapa kwetu nani yuko sahihi, mimi au mama?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hao 52 maana ndo wamewachanganya. Dodoso mlimpa nani? Mliwapa watu waliokaa kwenye benchi lenu. Sasa mtu aliyekaa kwenye benchi lako saa 4 asubuhi masaa yako yameshamfaa, yasingemfaa asingekuwepo hapo. Ni sawa na konda wa Kosta ya Moshi-Arusha apite katikati ya siti akiuliza abiria, jamani mmepata gari? Wote watasema tumepata. Waliobaki stendi hajawauliza.

Halafu kuna la pili, na hili nalijua kwa kulifanya mwenyewe nikiwa bado tabibu. Karatasi anaigawa nani? Nesi. Yule yule ambaye dakika kumi mbele anamchoma huyo mgonjwa sindano. Wewe ungeandika hujaridhika wakati sindano hujachomwa? Watu wetu wana adabu, na wagonjwa wana akili, wanajua pa kulalamikia na pa kunyamaza. Kwahiyo hao 52 mie siwahesabu sana, sisemi ni waongo, nasema tu hawana habari ya kukupa. Wenye habari ni wale 8. Kuna mtu alisoma walichoandika? Au mlihesabu tiki mkafunga faili?

Sasa Uingereza. Pale mfumo ni tofauti, kila mtu anajiandikisha kwenye kliniki moja ya karibu na anapoishi, hiyo ndo kliniki yake, halipii kumuona daktari, na ukitaka kwenda kwa bingwa mara nyingi lazima upitie hapo. Sisi hatuna hicho kitu, mtu wa Moshi leo yuko kwako kesho yuko hospitali ya mkoa ya Mawenzi keshokutwa kapanda hospitali ya rufaa ya KCMC bila kumuuliza mtu. Lakini kwa kazi, zahanati ya mtaani ndo daktari wa familia wetu, wewe ndo unajua mama fulani ana presha na mtoto wake wa tatu ana pumu, kwahiyo somo la kwao linatufaa, ila sio lote.

Kitu cha kwanza kitakushangaza. Kule England mkataba wa kliniki hizi unasema masaa ya kawaida ni saa 2 asubuhi mpaka saa 12 na nusu jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Yaani mmepishana nusu saa tu na hao Wazungu, na nyie mna Jumamosi juu! Cha pili, dodoso lao, ambalo lilianza 2007, halitolewi kwenye benchi. Linatumwa majumbani, kwa watu waliochaguliwa kutoka kwenye orodha ya walioandikishwa, awe amekuja mwaka huu au hajakanyaga kabisa. Hapo ndo wamewazidi, wanamuuliza na aliyebaki stendi.

Na pamoja na hilo bado wengi hawakulalamika. Kuna uchambuzi uliochapishwa 2015 wa majibu ya watu zaidi ya 880,000, karibu 81% walisema masaa hayawasumbui. Mama yako akisikia hiyo atafurahi. Ila msomee na kilichofuata. Hao 19% waliobaki hawakuwa wamesambaa kila sehemu, walikuwa zaidi vijana, watu wenye ajira ya kutwa nzima, watu ambao kuomba ruhusa kazini ni shida. Walipoulizwa ni siku gani ingewasaidia, karibu robo tatu yao walitaja Jumamosi, Jumapili ilitajwa na kama theluthi moja tu, na waliotaka Jumapili bila kuitaja Jumamosi walikuwa kiduchu. Maana yake wastani mzuri unaweza kuficha kundi moja zima ambalo halipati huduma kabisa. Themanini na moja kwa mia ni nzuri, ila hao kumi na tisa ni kundi lile lile.

Tena ilipofika 2018 lile dodoso liliandikwa upya, na wakaacha kuuliza unaridhikaje na masaa ya kufungua, wakauliza unaridhikaje na saa za miadi unazoweza kupata. Unaona tofauti? Mlango unaweza kuwa wazi kutwa nzima na mtu asipate cha maana. Hapa ndo nataka tukae kidogo, kwasababu nahisi na kwenu ndo penyewe.

Nikupe kisa. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye zahanati moja, jina naliacha, kusaidia mambo ya ubora wa huduma. Bango lao lilisema wazi mpaka saa 2 usiku. Nikaenda jioni kama saa 12 na robo, nikakaa nje na mlinzi, mzee wa Kibosho, tunapiga stori. Akaja mama kabeba mtoto mgongoni, kitenge kimelowa jasho la mtoto, mkono mmoja ana mfuko wa ndizi alizoshindwa kuuza. Mlinzi hata hakusimama, akamuuliza, "Ni homa?" Mama akasema homa tangu mchana. Mzee akamwambia, "Maabara kashaondoka, ukiingia watakuandikia panado urudi kesho kupima, na hela ya kumuona daktari utakuwa umeshalipa." Mama akasimama kama dakika hivi anapiga hesabu kichwani, akageuka akavuka barabara kwenda duka la dawa. Ndani daktari yupo, taa zinawaka, kwenye rejista hamna kilichoandikwa maana hakuna mgonjwa aliyeingia. Meneja akisoma rejista kesho yake anasema jioni hamna watu, tunachoma umeme bure.

Nikamuuliza mzee, hawa wako wangapi kwa siku? Akacheka. Kesho yake nikamletea daftari la shule na peni, nikamwambia kila anayegeuka piga kijiti, pembeni andika saa, basi. Hakutaka mwanzoni, akadhani nataka kumchongea. Baada ya wiki mbili ile daftari ilikuwa na vijiti kurasa na kurasa, na cha ajabu vingi havikuwa usiku sana kama tulivyodhani, vilikuwa kati ya saa 11 na saa 1, yaani wakati bango linasema wazi! Watu hawakuwa wanakosa masaa, walikuwa wanakosa maabara. Aliyetakiwa kukaa mpaka usiku alikuwa anaondoka saa 10 na nusu kuwahi Hiace ya kwao, na wote walikuwa wanajua isipokuwa mwenye zahanati.

Kwahiyo swali langu kwako kabla hujamwambia mama chochote. Hiyo saa 12 yenu ni ya nini? Ya mlango au ya kazi? Mtu wa maabara anavua koti saa ngapi? Dirisha la dawa linafungwa saa ngapi? Yule wa kuhakiki kadi ya bima yupo mpaka mwisho, au mtandao ukisumbua saa 10 mnamwambia mgonjwa wa bima arudi kesho? Chukua siku tatu tu uandike kimya kimya mgonjwa wa mwisho aliyepata vyote, kuonwa, kupimwa na kuondoka na dawa mkononi, alikuwa wa saa ngapi. Hiyo ndo saa yenu ya kufunga. Ya kwenye bango ni mapambo.

Tukija kwa wale wa duka la dawa, usiwaweke kapu moja. Kuna anayekwenda pale kwasababu anataka panado mbili na maji, huyo hata ukifungua usiku kucha haji kwako, na hana haja ya kuja. Kuna anayekwenda kwasababu ya hela, kwako lazima alipie kuonwa, kupimwa, dawa, kule anasema nina buku tatu nipatie kitu, anakatiwa rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki, za siku mbili, anaenda zake. Huyo tatizo lake sio saa, ukiongeza shifti umemkosa vilevile. Halafu kuna wa tatu, anayeuza Mbuyuni au anafanya kazi ya ndani Shanty Town au yuko saiti kwenye ujenzi, anatoka amechelewa na angekuja kwako kama ungekuwepo. Huyo wa tatu ndo wa kumpigia hesabu. Utamjuaje? Nenda kwa muuza dawa umsalimie, ongea naye kama jirani sio kama askari. Wale wa maduka ya dawa muhimu wamepitia mafunzo, ule mpango ulianza Ruvuma 2003, na wana ruhusa ya kuuza baadhi ya dawa, sio wahuni kama tunavyopenda kuwasema kwenye vikao. Muombe kitu kimoja: kila anayekuja jioni akionekana anahitaji kupimwa, amuulize "mbona hukupitia pale?" na akukumbushie majibu mwisho wa wiki. Na wewe mwambie wazi wa kutomuuzia kabisa, mtoto aliyedegedeka, asiyenyonya, anayepumua kwa shida, mjamzito anayetoka damu au kichwa kinamgonga na macho hayaoni vizuri, hao ni moja kwa moja kituo cha afya kinachofanya kazi masaa 24 au Mawenzi, wasisubiri wewe ufungue.

Sasa kuhusu kuongeza masaa kwenyewe, kuna faida au ni mzuka tu? Manchester walijaribu 2014, kliniki 56 zikapewa fedha zifungue jioni na wikendi, wakalinganisha na zile ambazo hazikuongeza. Wagonjwa wenye matatizo madogo waliojipeleka wenyewe idara ya dharura walipungua kwa 26.4% kwenye zile zilizoongeza masaa. Sio mchezo. Lakini fedha iliyookolewa kule hospitali haikufikia gharama ya kuongeza masaa. Na miradi mingine kama hiyo England iligundua Jumapili nafasi nyingi zinabaki wazi, daktari kakaa anasoma gazeti. Kwahiyo faida ipo, ila ukifungua tu kwa sifa utakula hasara, na kwako hamna serikali ya kuwapa hela, ni mfuko wa mama.

Ndo maana mie sipendi hiyo lugha ya kuongeza shifti. Kwanini msihamishe? Angalia rejista yako ya mwezi, nakuhakikishia kuna mahali katikati ya mchana, labda saa 7 mpaka saa 9, nesi wawili wanachati na tabibu wawili wanasinzia. Mmoja wao aanze kazi saa 5 asubuhi amalize saa 1 na nusu usiku, na mtu wa maabara naye vilevile, siku mbili kwa wiki tu kwa kuanzia. Mshahara ule ule. Kinachoongezeka ni luku, chai na nauli ya boda ya kumrudisha nesi nyumbani, na hiyo nauli usimbanie, msichana atembee peke yake kutoka Pasua mpaka Njoro saa 2 usiku kwasababu zahanati inataka kuridhisha wagonjwa, hapana. Shifti nyingi za jioni zinakufa hapo hapo kwenye nauli, mwezi wa kwanza stafu wanakaa, mwezi wa pili wanaanza kuumwa umwa, wa tatu mlango unafungwa saa 11.

Siku zipi? Hapa achana na Uingereza kabisa. Jumamosi yao haiwezi kuwa Jumamosi yetu. Moshi una Wasabato ambao Jumamosi hawaji labda wawe wamebebwa, una watu wa biashara ambao Jumamosi ndo siku ya hela, halafu Jumapili baada ya ibada mji wote umevaa vizuri na hauna haraka, baba yupo, gari ipo, watoto wapo. Mie nisingeshangaa kwenu Jumapili saa 7 mchana mpaka saa 10 ikapiga bao kuliko jioni zote za wiki. Ramadhani nayo, jioni watu wanawahi futari, wanaanza kutoka saa 2 usiku. Wapagazi, wale wagumu, wanashuka mlimani siku yoyote, na kikohozi na magoti, wanataka kuhudumiwa siku hiyohiyo kabla hela haijaisha. Na wauza mboga wa sokoni wako macho tangu saa 10 alfajiri, saa 8 mchana wameshamaliza, huyo ukimfungulia jioni umemfungulia usingizini. Ndo nasema masaa hayaulizwi kwa ujumla, yanaulizwa mtaa kwa mtaa.

Onyo moja la kalenda, usipime Disemba. Disemba Wachaga wote duniani wako Kilimanjaro, zahanati itajaa wageni wa Dar na Nairobi waliokula nyama choma tangu tarehe 20, mama atadhani amepata soko jipya, Januari benchi jeupe. Na mwezi wa 6 na wa 7 baridi inaleta vikohozi vya watoto, hiyo nayo sio picha ya mwaka. Mwezi wa 9 au wa 10 ni mzuri.

Kuna wazo lingine la Uholanzi ambalo nalipenda japo najua litakuletea maneno. Kule daktari wa familia akifunga saa 11 jioni wagonjwa wake hawaachwi hewani, madaktari wa eneo zima wameunda kituo cha pamoja kinachofanya kazi jioni, usiku na wikendi mpaka asubuhi saa 2, wanapokezana zamu, na mgonjwa anapiga simu kwanza anaambiwa aje, asubiri kesho, au apewe ushauri tu. Hapo Pasua na Soweto zahanati binafsi ziko ngapi? Mkikaa mkakubaliana Jumatatu jioni iko kwa fulani, Jumanne kwenu, karatasi moja ikabandikwa kwenye milango yote na kwenye duka la dawa, kila mmoja anabeba jioni moja badala ya sita. Najua mtasema tutaibiana wagonjwa. Mgonjwa anayenunua rangi mbili saa 1 usiku ameshaibiwa tayari, mnagombania nini?

Na hiyo simu. Hata kama hamtaongeza dakika moja, wekeni namba ya zahanati mlangoni na mtu wa kuipokea mpaka saa 3 usiku. Nimeona sehemu jioni nusu ya shida inaisha kwenye simu, mama anataka tu kujua mtoto katapika dawa ampe tena au asimpe. Akijibiwa, kesho yuko kwako saa 2 asubuhi.

Uliuliza nani yuko sahihi. Mama yuko sahihi kukataa kutumia hela kwa hisia zako, na wewe uko sahihi kutoamini tiki 52. Usiende kumbishia na habari za Manchester, hatakuelewa na hana sababu ya kukuelewa. Mnunulie mlinzi daftari, wiki mbili, vijiti na saa. Msimwambie nesi anayepanga zamu kwanza. Halafu siku hiyo mkae na mama, daftari mezani, bila maelezo mengi, muache ahesabu mwenyewe vijiti, kila kijiti akizidishe na ada ya kumuona daktari. Yeye ni mfanyabiashara wa Kichaga, hiyo hesabu ataimaliza kabla hujafungua mdomo.

Na zile karatasi za wale 8, kama bado ziko kwenye droo, zipige picha unitumie.